Subirini Kidogo, Nakula

Dada yangu alipofariki, mimi nilikuwa napika chakula cha wachimbaji Bugarama, kwenye kibanda cha mabati kilichotazamana na makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Tangu alfajiri mikono yangu ilikuwa kwenye masufuria: wali, maharage, ugali, nyama ya mchuzi, dagaa wa kukaanga. Watu walinisifu kwamba nashibisha. Mimi mwenyewe nilikuwa naishi kwa chai ya rangi yenye sukari nyingi, na mchana wateja wakipungua, soda ya baridi. Kula nilikula jioni nyumbani, tena kwa kudokoadokoa, maana mtu aliyeshinda kwenye moshi wa kuni na harufu ya mafuta hana hamu tena na chakula.

Dada yangu aliishi Chato, akianika na kuuza dagaa. Aliwahi kuambiwa ana presha, akapewa dawa, akazimeza mpaka alipojisikia mzima, kisha akaacha. Asubuhi moja aliinama kugeuza dagaa kwenye chanja akaanguka. Walipomfikisha hospitali upande mmoja wa mwili ulikuwa umekufa ganzi na hakuweza kusema. Hakurudi nyumbani.

Tukamzika, nikarudi kazini. Wiki za mwanzo niliona kama nimevumilia vizuri. Nilipika, nilicheka na wateja, nililala. Kisha mchana mmoja, nikiwa nasonga ugali na foleni imefika mlangoni, moyo wangu ukaanza kwenda mbio bila sababu. Vidole vikaingia ganzi. Nilivuta pumzi nikaona haifiki chini. Mwiko ukanitoka mkononi.

"Naanguka kama dada," nilimwambia jirani yangu tuliyekuwa tunapika naye.

Aliniketisha kwenye ndoo iliyogeuzwa, akaita bodaboda. Zahanati wakanipima presha, wakasema ni nzuri kabisa, nikapumzike. Nilipofika nyumbani nilikuwa mzima. Nilijiona mjinga, na bado nikajua kwamba ile hali itarudi.

Ilirudi. Ilirudi nikiwa kanisani, ikarudi nikiwa nafua, ikarudi nikiwa nimesimama tu. Nikaanza kupitia duka la dawa kila siku kupima presha, kisha ikawa asubuhi na jioni. Mume wangu, ambaye anafanya kazi kwenye karasha na si mtu wa maneno mengi, alinivumilia muda mrefu kabla hajauliza.

"Leo wamesemaje?"

"Wamesema nzuri."

"Na jana?"

"Nzuri."

"Sasa kesho unakwenda kutafuta nini?"

"Labda kesho itakuwa mbaya."

Hakucheka. Akaenda kunawa mikono.

Siku ya mnada lilikuja gari la matangazo la mtu anayeuza virutubisho. Alisema kwenye kipaza sauti: "Wewe unayeshtukashtuka! Wewe unayepata ganzi vidoleni! Wewe ambaye moyo unadunda mpaka unausikia masikioni!" Nilisimama katikati ya watu nikiwa na kapu la nyanya, nikahisi ananisema mimi. Nilinunua chupa ya vidonge vya vitamini na nyingine ya unga wa kuchanganya na maji. Mnada uliofuata nikanunua nyingine. Duka la dawa nako nikanunua dawa za rangi nyekundu, kwa sababu mwenzangu mmoja wa kwaya alisema zilimsaidia mama yake. Kila asubuhi nilimeza zote pamoja, kwa chai, bila kitu tumboni. Nilipata kichefuchefu, tumbo likawa linakata, na moyo uliendelea kwenda mbio vilevile. Sasa nikawa na hofu mpya, kwamba nina saratani ya tumbo.

Hapo ndipo nilipokasirika. Nakumbuka vizuri hasira ile, kwa sababu ndiyo iliyonifaa. Nilikuwa nimekaa kwenye stuli mbele ya kabati, natazama chupa zilizojipanga kama za duka, na nikajiambia: mimi nimelea watoto, nimejenga, nimewahi kuwasha jiko kwenye mvua ya mawe na watu wakala. Sitaishi hivi. Nikazitia chupa zote kwenye mfuko wa plastiki, nikapanda gari kwenda hospitali ya mjini Kahama, mbali na zahanati na duka la dawa walikokwisha kunizoea.

Daktari alikuwa msichana mdogo, angeweza kuwa mtoto wangu wa kwanza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Nilimwaga chupa mezani kwake, nikamweleza yote, tangu dada mpaka tumbo. Hakunikatiza. Alizisoma chupa moja moja, akaniambia kwamba tatu zina kitu kilekile, nyingine haisemi kabisa ndani yake kuna nini. Kisha akaniuliza, "Jana mchana ulikula nini?"

"Jana ilikuwa wali na maharage, na mchicha kidogo."

"Hicho ulichokipika. Nauliza ulichokula."

Nilitafuta kichwani nikakuta chai, na soda, na nusu andazi.

Akanipima damu. Ilikuwa chini, tena chini sana. Aliniuliza kuhusu siku zangu za mwezi, nikamwambia zimekuwa nzito tangu mwaka uliopita, nikadhani ni umri. Akanipeleka kufanyiwa kipimo cha picha ya tumbo, akanipa dawa ya kupunguza hedhi, na vidonge vya kuongeza damu. Aliniambia nisivimeze na chai, kwa sababu chai inazuia mwili kuchukua ile dawa. Nivimeze na maji, na nikipata chungwa ndiyo vizuri zaidi.

"Kwa hiyo sina wasiwasi, nina upungufu wa damu," nikasema, karibu kwa furaha.

"Una vyote viwili, mama. Damu ikipungua moyo unafanya kazi ya ziada, unaenda mbio kweli. Na wewe ukiusikia unaenda mbio, unaogopa, nao unazidi. Damu tutaipandisha kwa dawa na chakula. Woga ni kazi yako na mimi. Utarudi hapa, tutazungumza."

Akanifundisha kutoa pumzi polepole, ndefu kuliko ile niliyovuta, kama mtu anayepuliza uji wa moto bila kuumwaga. Akaniruhusu kupima presha kwake tu, siku za kurudi. Zile chupa aliniambia niziache zote. Nilitoka nikiwa na mfuko mtupu mkononi, na nilihisi kama nimetoka bila nguo.

Kesho yake nilianza. Mimi ni mtu wa kazi, nikipewa kazi nafanya. Soda niliiacha siku ileile na chai nikaipunguza, kichwa kikaniuma mpaka nikafunga kitambaa. Kila nilipokwenda mnadani sasa nilipita mbali na lile gari, nikanunua maini, machungwa na papai. Mama mkwe wangu aliyeko Ushirombo alinitumia nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, nikayapika kwa karanga kama alivyonifundisha nilipokuwa bibi harusi. Asubuhi nilikula michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, nikivichemsha pamoja na karanga, badala ya andazi.

Mchana ndio ulikuwa mgumu. Mchana ndio wakati wa wateja, na hakuna mpishi anayekaa kula watu wamesimama. Siku ya kwanza nilijipakulia ugali, nsansa na samaki, nikaketi kwenye benchi la wateja kabisa, siyo kule nyuma kwenye kuni. Jirani yangu aliniangalia kama nimepagawa. Wachimbaji waliokuwa wametoka duarani, kwenye mashimo yao ya dhahabu, vumbi jeupe mpaka kwenye kope, wakashangaa.

"Mayu, sisi je?" mmoja akauliza, akiniita mama kwa Kisukuma.

"Subirini kidogo, nakula."

"Leo umekuwa bosi?"

"Leo nimekuwa mtu mwenye njaa. Kaa hapo, nikimaliza nakupakulia."

Wakacheka, wakakaa. Na katikati ya tonge moyo ukaanza. Niliusikia ukipanda, vidole vikiingia ganzi, na miguu ikataka kukimbilia duka la dawa. Nilishika ukingo wa benchi. Nikatoa pumzi, ndefu, nikapuliza ule uji usiokuwepo. Nilijiambia kwamba daktari amekwisha niangalia, kwamba damu bado inapanda, kwamba hii hali imewahi kuja mara nyingi na haijawahi kuniua. Sikusimama. Ilinichukua muda, tonge likapoa mkononi, kisha moyo ukashuka wenyewe, taratibu. Nikala lile tonge la baridi. Nikamaliza sahani. Halafu nikainuka nikawapakulia, na yule wa kwanza nikamwongezea mchuzi.

Baada ya hapo wakazoea. Wengine walipofika wakinikuta nakula waliwaambia wageni, "Mama anakula, subiri." Jirani yangu naye, baada ya kunicheka wiki nzima, siku moja alikuja na sahani yake akaketi pembeni yangu, akala.

Jioni mume wangu alikuwa akinipitia, tukaacha bodaboda, tukarudi nyumbani kwa miguu kupitia kwenye majaruba ya mpunga. Siku nyingine alisema tu, "Leo unatembea haraka kuliko jana." Simu niliiweka mbali saa za kulala, kwa sababu ndiyo niliyokuwa nikiitumia kusoma magonjwa. Sitaki kudanganya kwamba hofu iliisha. Kuna siku ilinishinda nikaenda duka la dawa kifichoficho, nikafika mlangoni, nikageuza. Lakini niliporudi kwa daktari damu ilikuwa imepanda, na tumbo halikuuma tena, na nilikuwa nimeanza kupandisha ndoo ya maji kichwani bila kuona nyota.

Kitu kimoja nilikuwa nimekikwepa, nacho ni Chato. Tangu mazishi sikuwa nimekanyaga huko. Watoto wa dada walikuwa wananipigia simu, nasema kazi nyingi. Nilipojiona nina nguvu, nikamwambia mume wangu, "Naenda." Akauliza kama anisindikize, nikasema hapana.

Nyumba ya dada niliikuta kama alivyoiacha, chanja za dagaa upande wa ziwa. Mwanawe mkubwa wa kike ndiye aliyeshika biashara. Nilipoona mahali alipoanguka, moyo ulipanda, nilitegemea hivyo. Niliweka begi chini, nikatoa pumzi zangu, nikaenda moja kwa moja kwenye chanja kumsaidia kugeuza dagaa. Tukageuza chanja nzima.

Jioni tulipokaa kumenya viazi, yule binti akasema, "Mama mdogo, nikuulize kitu usinicheke?"

"Uliza."

"Wewe moyo wako hauendi mbio? Maana mimi wangu unakwenda. Nikiinama tu nasema tayari, ni kama mama. Nimenunua vitamini, namaliza chupa, sioni kitu."

Nikaacha kisu. Nilitaka kumwambia kwamba ni hofu tu, kwamba na mimi ndivyo nilivyokuwa, kwamba atapona. Ingekuwa rahisi sana kusema hivyo. Lakini nilimkumbuka yule daktari mdogo, jinsi alivyopima kwanza ndipo akasema.

"Umepima presha?"

"Naogopa kupima."

"Mimi nilikuwa napima mpaka naudhi watu, wewe hupimi kabisa. Kesho tunakwenda."

"Na wakinikuta nayo?"

"Wakikukuta nayo utameza dawa, na hutaziacha siku utakayojisikia mzima. Wasipokukuta nayo, tutashughulika na hofu. Kukaa hapa tunakisia hatutakaa."

Alilia kidogo. Nilimwacha alie, nikaendelea kumenya.

Asubuhi tulikwenda, tukangoja kwenye benchi, nimeushika mkono wake na wake ndio ulikuwa wa moto kuliko wangu. Walimpima, wakampumzisha, wakampima tena, wakamwambia arudi kupimwa zaidi. Nilikaa Chato siku zaidi ya nilizopanga, mpaka jibu likawa la uhakika: presha yake ilikuwa juu. Siyo ya kutisha, wakasema, lakini iko juu, na imewahiwa. Akapewa dawa, akaambiwa apunguze chumvi, atembee, alale vya kutosha, arudi kila mwezi. Ajabu ni kwamba alitoka pale akiwa mtulivu kuliko alivyoingia. Alisema afadhali sasa anajua anapambana na nini. Mimi ndiye niliyekwenda nyuma ya jengo nikapumua peke yangu mpaka nikatulia.

Siku niliyoondoka tuliamka mapema. Nilipika sato wa kuchemsha kwa nyanya na ndimu, na ugali wa dona, na mlenda. Alimeza kidonge chake mbele yangu bila kuambiwa, akaketi, akaonja mchuzi. Akaweka kijiko chini.

"Mama mdogo, humu hamna chumvi."

"Hamna," nikasema, nikamkatia kipande cha samaki cha mgongoni nikakiweka kwenye sahani yake. "Kula."