Mijohoro ya Limi

Bujiku alipokuwa anakata roho, mwaka 1968, alimshika kaka yake Ngassa mkono akamwomba amtunzie mkewe Limi na binti zake wawili. Ngassa aliahidi mbele ya wazee. Arobaini haijaisha, akamtaka Limi awe mke wake wa tatu. Limi akakataa. Basi Ngassa akachukua ng'ombe na shamba lote, akamwambia kuwa mwanamke asiye na mtoto wa kiume ni mpita njia tu.

Limi aliondoka na mtungi, jembe na watoto. Hakulia. Alihamia ng'ambo ya mto, upande wa Ushirombo, akaishi kwa vibarua vya kupalilia, na chuki yake akailea kama mwana wa tatu.

Ngassa akatajirika kwa tumbaku. Alijenga mabani matatu ya kukaushia majani, na bani ni mlafi: moto hauzimwi juma zima, ukizimika katikati majani yanageuka meusi. Kila msimu miti ya pori ilirudi nyuma, hadi mikokoteni yake ikawa inasafiri siku nzima kutafuta gogo.

Mwaka 1976 akaja Theonest, bwana miti wa wilaya, na miche ya mijohoro. Alieleza kuwa ni miti ya kuni: inakua upesi, na ukiikata inachipua tena. Watu wakaguna, nani apande kuni kama mahindi? Limi peke yake ndiye aliyeuliza miaka mingapi. Theonest akasema sita, saba. Limi akaomba ekari mbili za mlima wa mawe ambazo hakuna aliyezitaka, kijiji kikampa. Alibeba maji kichwani viangazi viwili, akafukuza mbuzi, akasubiri.

Mwaka 1983 pori likawa limekwisha kabisa. Ngassa alituma watu kununua kuni, Limi akawarudisha: mwenye shida aje mwenyewe. Akaja, na kofia mkononi.

"Shikamoo, shemeji," Limi alisema.

"Marahaba, Mama Kabula. Nimekuja, nina shida ya kuni."

Limi akamkaribisha kigoda, akampa maji. Wakapatana kwa maneno tu: mikokoteni miwili siku ya kuwasha, mingine siku ya nne. Ngassa akafurahi. Alivuna majani yote yaliyoiva, akayajaza mabani yote matatu, akawasha.

Siku ya nne asubuhi mikokoteni yake ilimkuta Limi amekaa juu ya rundo la magogo yaliyokauka vizuri, panga mapajani. Akasema hauzi. Ngassa alikuja mbio, jasho linamchuruzika. Akapandisha bei, kisha akatukana, kisha akapiga magoti kwenye mawe.

Theonest, aliyeitwa kusuluhisha, alimvuta Limi pembeni. "Mama Kabula, ulimwahidi."

"Naye alimwahidi mdogo wake aliyekuwa anakufa," Limi akajibu. "Mwache aone ahadi inavyouma."

Hadi alasiri moto ulikuwa umekufa. Watu walipofungua mabani siku ya pili, majani yalikuwa meusi, yananuka kama ngozi mbichi. Limi alivuka mto akaenda kuyatazama. Alisimama kwenye kivuli cha nyumba iliyokuwa yake, akayaangalia mpaka akatosheka, akarudi nyumbani akapika ugali, akala wote.

Msimu uliofuata Ngassa aliacha tumbaku akaenda Geita kuchimba dhahabu, na habari zake zikawa za kusikia tu. Wazee walimlaumu Limi kwamba amevunja ukoo. Majirani walikuja kwake kwa kuni, akawauzia. Walipotaka mbegu za mjohoro aliwapa bure na kuwaonyesha namna ya kuzipanda.

Binti yake Kabula alimuuliza siku moja kama angemsamehe baba mkubwa akirudi.

"Akirudi atapata maji ya kunywa," Limi alisema. "Kuni, hapana."

Akaendelea kupunguza machipukizi, akiacha matatu yenye nguvu kwenye kila kisiki.