Ng'ombe wa Baba Waliobaki kwa Majirani

Nilimpa baba simu yangu ya zamani, ile yenye kioo kilichopasuka pembeni, nikasahau kufuta gemu. Baada ya wiki moja akanipigia. "Humu ndani kuna ng'ombe wana njaa," akasema. "Nani anawalisha?" Nikamwambia ni gemu tu baba, achana nayo. Akasema haiwezekani mtu aache mifugo hivyo, nimwelekeze pa kubonyeza.

Ndivyo alivyoanza. Yeye yuko Mbulu, huko juu kwenye ukungu na vitunguu saumu. Mimi nafundisha hisabati sekondari upande wa Basotu. Goti lake lilikuwa limeshakataa mteremko. Ng'ombe wa kweli walibaki wawili, na mama ndiye aliyewahudumia. Wale wa kwenye simu aliweza kuwachunga akiwa amekaa kwenye kigoda, na aliwachunga miaka sita bila kuruka siku. Na mimi nikafungua shamba langu, tukawa majirani humo. Sisi si watu wa maneno mengi. Shikamoo, marahaba, mvua imenyesha, haya. Nikiona asubuhi amepita kunywesha mifugo yangu, nilijua ameamka mzima, na hiyo ilinitosha.

Gemu ile ilikuwa na kitu ambacho wachezaji wengi hawakukigusa. Zizi lako likijaa, uliweza kumpeleka ng'ombe kwa jirani. Jirani anakamua, ng'ombe anabaki wako. Baba hakungoja zizi lijae. Tangu mwanzo alikuwa anawagawa: watatu kwa mtu wa Katesh, wanne kwa muuguzi mmoja wa Gehandu, wengine kwa watu wa nchi ambazo hata herufi zao hatukuweza kuzisoma. Kwetu mtu haweki ng'ombe wake wote kwenye boma moja. Ugonjwa ukiingia, unabaki na kamba tupu mkononi. Wale uliowaweka kwa wenzako ndio wa kuanzia upya, na hao wenzako ndio watu wako. Mimi niliona ni mambo ya kizamani. Nilirundika wangu wote nyumbani, na mara mbili homa ya humo ndani ikanifagilia zizi zima. Baba alicheka mpaka akakohoa. "Msomi," akasema, "hisabati zako ni za kujumlisha tu?"

Kisha likaja tangazo kwamba toleo la zamani linafungwa. Kila mtu ahamie jipya, ambamo shamba lako moja unalifungua kwenye simu, kwenye kompyuta, hata kwenye televisheni. Ukishahama, hakuna kurudi. Wakati huo baba alikuwa na ng'ombe mia moja na kumi na sita. Aliniuliza swali moja tu.

"Watafika wote?"

"Watafika, baba. Niachie mimi."

Nilianza na wangu, kwenye kompyuta ya ofisi ya walimu, wakati wa chai. Nikabonyeza hapa, nikakubali pale, mambo yakaisha kabla kengele haijalia. Idadi ya ng'ombe wangu ilikuwa imezidi kwa kumi na tisa. Nikadhani ni zawadi ya kukaribishwa. Nikafurahi, jamani, nikawaonyesha hadi walimu wenzangu.

Wiki iliyofuata shule ikafungwa, nikapanda gari la Haydom, nikaunga mpaka Mbulu. Nilimkuta baba amevaa shati lake la kanisani, na ilikuwa Jumanne. Tukaenda nyuma ya nyumba, kwenye kile kichuguu ambako mtandao unashika, yeye na fimbo yake, mimi na simu. Chaji ilikuwa inakaribia kwisha. Likatokea tangazo refu la Kiingereza.

"Wameandika nini?" baba akauliza.

"Ah, mambo yao ya kawaida tu," nikasema, nikabonyeza.

Shamba jipya likafunguka. Majani mabichi, zizi zuri, muziki. Ng'ombe watatu.

Baba akaangalia kwa muda. "Wengine wako njiani?"

Ndipo nikasoma. Mstari wa tatu, wala haukuwa na maneno magumu: wanaohama ni wanyama walio kwenye zizi lako tu, warudishe kwanza walio kwa majirani, la sivyo watakuwa mali ya yule anayewatunza. Mimi huyu, ambaye kila muhula nawafokea wanafunzi kwamba someni swali kabla ya kujibu! Na nikiwa bado nimeshika simu, nikawakumbuka wale kumi na tisa wa zawadi. Walikuwa wa baba. Aliniwekea, kama alivyowawekea wengine, toleo la zamani halikuwahesabu kuwa wangu, na mimi nilikuwa nimehama nao.

Nikamweleza yote. Hakufoka. Laiti angefoka, ningejua pa kusimama.

"Tangu wiki iliyopita wale niliokuwekea sikuwaona," akasema. "Nikajua umewapeleka malisho ya mbali." Akachimbia fimbo yake chini. "Kwa hiyo umenirithi nikiwa hai."

Nilijisikia mwizi. Nikatafuta namna ya kuwarudisha, hakuna. Katika toleo jipya huwezi kumpa mtu mnyama, wala kumwekea. Nikawaandikia wenye gemu; wakajibu kwamba wanashukuru kwa uvumilivu wangu. Uvumilivu gani? Baba akachukua simu, akapapasa kioo kwa kidole, akitafuta pale pa kumpeleka ng'ombe kwa jirani. Alipapasa kila kona.

"Sasa humu mtu anajuana na nani?" akauliza. Akanirudishia simu, akaenda kuangalia maharage. Hakuifungua tena.

Nikarudi Basotu. Muhula ulianza vibaya. Nilikuwa mkali darasani bila sababu, na asubuhi nilifungua shamba langu nikakuta mifugo ina kiu, hakuna aliyepita. Niliumia kuliko nilivyotegemea kuumia kwa ajili ya gemu. Kupiga simu nilishindwa, maana ningesema nini? Pole nilishaisema pale kichuguuni, haikuwa na kazi.

Jumamosi moja nikapiga hivyo hivyo, bila kujipanga. Shikamoo, marahaba. Halafu nikajisikia nikisema, "Baba, ng'ombe wako hawajambo."

Nikamsikia akivuta kigoda.

"Wangapi?"

"Wote kumi na tisa. Yule wa pembe iliyopinda anachechemea, nimempa dawa."

"Wanakunywa?"

"Wanakunywa mara mbili."

"Haya," akasema. Lakini hakukata. Akataka kujua nani ana mimba.

Tangu hapo nampigia kila Jumamosi kutoa habari, kama inavyompasa aliyeshika ng'ombe wa mwenzake. Naeleza nani anaumwa, nani amekonda, nani amekataa ndama. Mara nyingine tunafika hata nusu saa, sisi ambao hatukuwahi kumaliza dakika mbili. Mmoja alipokufa sikumficha. "Ngozi iko wapi?" akauliza, kwa sababu kwetu ng'ombe uliyekabidhiwa akifa, unampelekea mwenyewe ngozi, ndipo ajue hukumuuza wala hukumchinja. Nikapiga skrinshoti ya mzoga, nikamtumia. Akaichunguza siku mbili, kisha akasema ameridhika.

Nilimwambia mara nyingi kwamba nitafungua shamba jingine kwa jina lake, nimjengee upya taratibu. Akasema yeye ana ng'ombe tayari, wako kwa mtu.

Jumamosi iliyopita nikampa habari kwamba yule mwekundu amezaa, na ni jike. Akauliza rangi. Nikamwambia mwekundu kama mama yake, ana baka jeupe kwenye paji. Akauliza kama anasimama vizuri. Nikasema anasimama. Nikamsikia anamwambia mama apunguze redio.

"Sikiliza," akasema. "Umenitunzia vizuri. Huyo ndama ni wako."

Nilitaka kusema asante baba, nikajikuta naeleza kwamba mama yake ana maziwa ya kutosha. "Haya," akasema, akakata simu.