Oili Iliyopimwa Mlimani

Hatibu alikuwa mpaka mafuta, yaani mtu wa kulainisha mitambo. Kwa miaka kumi na tisa alizunguka kati ya mitambo ya kufuma katika kiwanda kimoja cha nguo hapa Morogoro, birika la mafuta mkononi na kitambaa mfukoni, akipima, akiongeza, akifuta. Wenzake walisema hakuna mtambo wa Hatibu uliowahi kusimama kwa kukauka, na sijasikia mtu aliyewabishia. Mwaka 1993 kiwanda kilipunguza wafanyakazi ili kipate mnunuzi, naye akawa mmoja wa waliopunguzwa. Hakulia wala hakwenda kulewa. Alichukua mafao yake yote akanunua gari dogo la Kijapani, rangi ya maziwa, lililokwisha kutumika kwao na kutumika tena Dar es Salaam.

Majirani zake wa Bigwa, pembeni mwa mji, walidhani ameingia kwenye biashara ya teksi, na kweli alibeba abiria kwenda na kurudi mjini. Lakini gari lile lilinunuliwa kwa ajili ya Semeni.

Semeni ndiye binti pekee wa Hatibu na mkewe Pili. Ameolewa Mkuyuni, huko milimani, na mkulima wa ndizi aitwaye Twalibu. Mimba yake ya kwanza iliharibikia barabarani. Wanaume wanne walimteremsha kwenye kitanda hadi penye barabara, wakasubiri gari tangu asubuhi mpaka alasiri, na lilipopatikana mtoto alikuwa amekwisha kufa tumboni. Daktari alimwambia Pili kwamba binti yake akishika mimba tena ni lazima ajifungulie hospitali, na afike mapema. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Pili hana dada, wala hana binti mwingine. "Nyumba yangu yote iko ndani ya Semeni," alizoea kusema, na hakuwa mtu wa kutia chumvi.

Kwa hiyo Semeni aliposhika mimba ya pili, Hatibu alilitunza gari kama alivyotunza mitambo ya kiwanda. Walikubaliana na Twalibu kwamba mwezi mmoja kabla ya siku zake za kujifungua Semeni ataletwa Bigwa akae kwa mama yake.

Wasomaji wa rika langu wanakumbuka maduka ya miaka ya themanini, rafu tupu na muuza duka anapiga miayo. Kisha biashara ikafunguliwa, na rafu zikajaa mpaka juu. Makopo ya oili yalipangwa kwa rangi zote, mengine kutoka nchi ambazo hatukuwahi kuzisikia. Bidhaa ziliingia nchini upesi kuliko uaminifu. Wapo waliokusanya oili chafu iliyomwagwa gereji, wakaichuja kwa kitambaa, wakaitia kwenye kopo zuri na kulifunga tena. Mtu aliyeuza kitu hicho alijua anachokifanya, na usiku alilala usingizi mzuri.

Hatibu hakudanganyika. Muuza vipuri aliyeitwa Abdi, karibu na soko la mjini, alimfahamu na kumchoka.

"Mzee Hatibu, chukua hii namba arobaini, wote wanachukua."

"Wote wana magari gani?"

"Magari, mzee! Magari ni magari."

"Hiyo nzito mno kwa gari langu asubuhi ya baridi. Na hiyo nyingine imeandikwa ya injini za dizeli. Mimi natumia petroli. Nipe ile ya ishirini kwa hamsini. Siyo hiyo, ya nyuma. Hiyo ya mbele kifuniko chake kimeshaguswa."

"Kimeguswa na nani?"

"Na aliyekigusa. Mimi nitajuaje? Lete ya nyuma."

Aliligeuza kopo, akalitikisa sikioni, akakagua ukingo wa kifuniko kwa ukucha. Alipolinunua alilifungua palepale, akadondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe na jingine kati ya vidole viwili, akalisugua na kulinusa. Oili nzuri ilikuwa ya rangi ya asali na haikunuka moshi. Abdi alisubiri mikono kiunoni.

"Umemaliza kuiposa, mzee? Nitangaze ndoa?"

"Tangaza," alisema Hatibu. "Na nipe kopo jingine la lita moja. Hili silifungui, litakaa kwenye buti."

Hivyo ndivyo alivyochagua oili, na sijui mtu mjini aliyechagua vizuri kuliko yeye. Kasoro ilikuwa katika kupima.

Stata ya gari lile ilikuwa mbovu tangu lilipofika, na mpya haikupatikana. Nyumba ya Hatibu iko kwenye mteremko, pale Bigwa milima inapoanza. Basi kila jioni alilipandisha gari mpaka juu ya kiwanja, akaligeuza pua ikatazama bondeni, akaweka mawe mbele ya magurudumu. Asubuhi aliondoa mawe, gari likateremka lenyewe, akaachia klachi, injini ikawaka. Nusu ya magari ya vilimani kwetu yaliwashwa hivyo wakati ule, na hakuna aliyeona ajabu.

Kabla ya kuondoa mawe, Hatibu alifungua boneti. Alivuta kijiti cha kupimia, akakifuta, akakirudisha, akakivuta tena. Injini ilikuwa imepoa usiku kucha, kama inavyotakiwa. Kila asubuhi oili iligusa alama ya juu. Lakini pua ya gari ilikuwa imeinama, oili yote ilikuwa imekimbilia upande wa mbele wa injini, na kijiti kilikuwa upande huohuo. Injini ilikuwa imechakaa na ilichoma oili kidogo kila siku, kijiti kikaendelea kusema imejaa. Katika kiwanda Hatibu alipima kwa miaka kumi na tisa juu ya sakafu ya saruji iliyonyooka. Hakuna siku iliyomlazimu kujiuliza kama ardhi imekaa sawa.

Mtu mmoja aliona. Alikuwa Dominiko, Mnyamwezi wa Tabora, aliyekuwa fundi wa kiwanda kilekile na sasa alitengeneza magari kwenye kiwanja cha wazi Mji Mpya. Waluguru na Wanyamwezi ni watani, na hawa wawili walitaniana tangu ujana wao kiwandani. Wiki mbili kabla ya siku iliyopangwa Semeni aletwe, Hatibu alipita pale kujaza upepo, na moshi wa bluu ukabaki nyuma yake.

"Tazameni!" Dominiko aliwaita mafundi wenzake. "Gari la mtumwa wangu linavuta sigara!"

"Mpagazi we, weka mzigo chini ndipo useme," alijibu Hatibu. "Umejua lini magari, nawe babu yako alitoka Tabora mpaka pwani na jino la tembo kichwani?"

"Alipita hapa akawakuta mmening'inia mlimani kama ngedere, na mpaka leo mmening'inia. Nyie hata uji kwenye bakuli umelala upande. Nimepita kwako juzi nimekuona, unapima oili gari limesimama kwa kichwa! Lete huku bondeni penye nchi iliyonyooka, upime kama binadamu. Oili hiyo huna, mtumwa wangu. Unapima mlima."

Mafundi walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Hatibu naye alicheka, akafuta macho.

"Mnyamwezi anifundishe kupaka mafuta! Miaka kumi na tisa, Dominiko. Nenda kabebe."

Aliondoka anacheka. Siku chache baadaye, kwenye kona ya Kingolwira, taa nyekundu ya oili iliwaka mara moja ikazimika. Asubuhi yake alipima palepale kiwanjani, kijiti kikasema imejaa. Akaamua ni waya wa taa tu.

Siku ya Alhamisi, zikiwa zimebaki siku nne Semeni aletwe, utingo wa basi la kwanza kutoka Mkuyuni alishuka Bigwa akaja mbio. "Mzee, Twalibu amenituma. Uchungu umemshika bintiyo tangu alfajiri, na damu inatoka."

Pili aliinuka. Alifunga khanga mbili na beseni, akaingia garini. Hatibu alifungua boneti hata katika haraka ile, kwa sababu ndivyo alivyokuwa. Alivuta kijiti, akafuta, akarudisha, akavuta. Imejaa. Aliondoa mawe.

Walifika Mkuyuni salama. Semeni alilazwa kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa mama yake, Twalibu akakaa mbele. Hatibu aliambiwa asizime injini na hakuizima. Katika mpando mrefu wa kwanza wa kurudi taa nyekundu iliwaka, na safari hii haikuzimika.

Twalibu aliiona. "Baba, ile taa."

"Naiona."

"Tusimame?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Pale walipokuwa palikuwa mpando. Gari likizimwa halitawaka ila kwa kuliachia lirudi kinyumenyume kwenye barabara ya kona, mgonjwa akiwa ndani. Kilele kilikuwa mbele, mita mia tatu labda. Na oili, alikwisha kuipima.

"Imejaa," alisema Hatibu. "Ni waya. Tufike juu."

Hawakufika. Injini iligonga kama mtu anayepiga debe kwa nyundo, kisha ikanyamaza yote kwa mara moja. Ilikuwa imenoki, vyuma vimeshikana.

Hatibu alishuka akafungua boneti. Sasa gari lilitazama juu. Alivuta kijiti kikatoka kikavu, hakina alama ya oili hata nchani. Twalibu anasema mkwewe alikitazama kile kijiti, kisha akatazama barabara chini yake, jinsi ilivyoinama, kisha akatazama kijiti tena. Alikwenda nyuma, akatoa lile kopo la lita moja, akalifungua kwa meno, akamimina lote injini ikifuka mvuke. Haikusaidia kitu, na yeye, mpaka mafuta, alijua haitasaidia.

"Baba Semeni," Pili aliita kutoka ndani. "Yaache mambo ya gari. Tafuta watu."

Lori la ndizi lilipita baada ya saa mbili na nusu. Semeni alijifungua juu ya mikungu kabla ya kufika Bigwa, mtoto wa kiume, naye hakulia. Hospitali walimwokoa Semeni kwa shida. Daktari alisema hatabeba tena.

Walimzika mtoto kesho yake mchana. Watani walikuja, kwa sababu mtani lazima afike msibani, na kazi yake inajulikana: azuie jembe, alalamike kaburi ni fupi, adai kitoweo, mpaka wafiwa wacheke bila kupenda. Dominiko alikuja na kofia mkononi akasimama karibu na ukuta. Watu walimtazama wakingoja aanze. Hakuanza.

Hatibu alimfuata pale ukutani. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka karibu nao.

"Siku ile pale kwenu," alisema Hatibu, "ulipotaja kupima mlimani. Ulikuwa unatania?"

Dominiko aliigeuza kofia yake. "Nilisema kweli."

"Mbona hukuniita pembeni?"

"Wewe ungesikia?"

"Sijui. Hukuniita."

"Sikukuita," alisema Dominiko. "Nilidhani umesikia. Halafu watu walikuwa wanacheka, Hatibu. Nilipenda wanavyocheka."

Hatibu alitikisa kichwa polepole, akarudi kukaa na wanaume.

Nimewasikia watu wakimlaumu Mungu kwa mtoto yule, na wengine barabara, na wengine soko huria na magari chakavu yaliyoletwa nalo. Mimi nawalaumu watu wawili wazuri. Mmoja aliujua ukweli akautoa kama kichekesho, kwa kuwa kichekesho hakimgharimu msemaji kitu. Mwingine aliupokea kama kichekesho, kwa kuwa ulitoka kinywani mwa mtu aliyezoea kumcheka, nao uligusa kazi aliyojivunia. Utani wetu uliwekwa ili watu waambiane yasiyosemeka. Tumeupunguza mpaka umebaki kelele, na kwenye kelele hiyo jambo la uhai lilipita mbele ya watu wazima kumi, mmoja wao akakaa chini kwa kucheka.

Baada ya siku arobaini Semeni alirudi Mkuyuni kwa basi. Pili alimsindikiza mpaka kituoni akiwa amembebea mfuko wake mdogo. Twalibu bado anaishi naye, ingawa ndugu zake wamekwisha kuanza kumtafutia mke wa pili. Pili amefunga chumba alichokuwa amekipaka chokaa kwa ajili ya mjukuu.

Hatibu na Dominiko hukutana mara nyingi, kwa kuwa mji wetu si mkubwa. Mwezi uliopita nilikuwa nyuma yao kwenye foleni ya mafuta ya taa.

"Habari za asubuhi, Mzee Hatibu," alisema Dominiko.

"Nzuri, Mzee Dominiko. Za nyumbani?"

"Salama kabisa. Na mama hajambo?"

"Hajambo. Anakusalimu."

Wakatazama mbele, kila mmoja ameshika dumu lake, mpaka foleni ikasogea.