Kona Mbili za Darasa la Kwanza

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa tofali. Nilifika Bariadi asubuhi, kwenye karakana ya ujenzi ya halmashauri, nikiwa na cheti cha darasa la saba na shati la kuazima. Fundi Mkuu alinitazama viatu kwanza, kisha mikono. Alikuwa mtu mfupi asiyependa maneno. Akanipa timazi, ule uzito unaoning'inia kwenye uzi ambao fundi hupimia kama ukuta umesimama wima, akasema:

"Zunguka na hiyo. Pima kuta zote za karakana hii, halafu uniambie ni upi unaodanganya."

Nilizunguka hadi mchana. Nikarudi nikamwambia kuta ziko sawa, ila ule wa stoo umelala kidogo kuelekea barabarani.

"Nani aliujenga?"

"Sijui, mzee."

"Mimi. Nilikuwa na haraka. Kesho uje mapema, na uje umekula."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Nilijenga madarasa ya shule za msingi hadi nilipostaafu, na ninaandika haya kwa wazazi wa huku kwetu kwa sababu mwaka huu watu wengi wamefika nyumbani kunipa pole, na wakishakaa mazungumzo yanageukia shule. Kijana mmoja aliniuliza: shule ya kijiji chetu ni ya serikali au ni yetu? Nilimjibu kwa habari ya kona mbili. Nitaieleza tena hapa, taratibu, kwa wale ambao hawakuwepo.

Wakati ule Simiyu haikuwa mkoa. Tulikuwa chini ya Shinyanga, na wilaya ya Bariadi ilikuwa pana. Utaratibu wa kujenga darasa ulijulikana na kila mwanakijiji. Wananchi walitoa mawe, mchanga, maji, matofali ya kuchoma na nguvu zao mpaka kuta zifike kwenye linta, yaani ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha. Hapo serikali ilileta mabati, mbao za kenchi za kubebea paa, na walimu. Kamati ya shule, ambayo wazazi wenyewe waliichagua, ndiyo iliyosimamia. Mzazi ambaye hakujua utaratibu huu alidhani darasa limeshuka kutoka Bariadi mjini. Aliyeujua aliingia uwanja wa shule kama anayeingia shambani kwake.

Fundi Mkuu alinifundisha miaka kadhaa kabla ya kuniachia kazi peke yangu. Alinifundisha kuchagua tofali kwa kuligonga na mwiko: lililoiva hulia kama kengele, bichi hunyamaza. Alinifundisha kwamba udongo wa kichuguu unashika kuliko udongo wa mtoni. Jambo alilolirudia kuliko yote ni la kona. "Ukuta huanza kufa kwenye kona," alikuwa akisema. "Ufa wa katikati ni habari tu inafika."

Kituo changu cha kwanza cha kusimamia mwenyewe kilikuwa kijiji kimoja upande wa Zagayu. Jina lake naliacha, maana watu wake wapo na wanajua.

Shule hiyo ilikuwa na vyumba vichache, na watoto wa darasa la kwanza walisomea katika ghala la pamba la chama cha msingi cha ushirika. Msimu wa pamba ukifika walikaa nje mpaka ununuzi uishe, kisha wakarudi ndani na kujifunza a, e, i, o, u huku nyuzi za pamba zimewakaa kichwani kama mvi. Mambo yalikwenda hivyo kwa miaka. Kisha soko la pamba likafunguliwa. Wakaja wanunuzi binafsi na malori yao, wakulima wakafurahi kupata watu wa kushindania pamba yao, nami sisemi walikosea kufurahi. Lakini mnunuzi mmoja alilipanga lile ghala kwa mwaka mzima. Akaweka kufuli lake. Darasa la kwanza likabaki nje, na mvua zilikuwa karibu.

Mwalimu Mkuu alisema wazi kwamba wingu la kwanza likipasuka atawarudisha wale watoto nyumbani mpaka mvua zipite. Mwalimu wao, dada mmoja mwembamba aliyeitwa Minza, alimjibu mbele ya kamati: "Wakienda hawarudi, mwalimu. Wavulana watapewa ng'ombe wachunge, wasichana watabebeshwa wadogo zao. Mwakani utafungua darasa la kwanza jipya, na hawa watakuwa wamepotea."

Hapo ndipo mwenyekiti wa kamati alipopata wazo. Kijiji kilikuwa na vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, kama ilivyo desturi ya Wasukuma. Watu wa vyama hivi hushindana kucheza na hushindana kulima, na kila upande husema upande wa pili una dawa kali za kuwaharibia. Mwenyekiti akagawa kazi: Bagika wajenge ukuta mmoja mrefu na mmoja mfupi, na Bagalu vivyo hivyo. Darasa likaanza kupanda kama mahindi ya mbolea. Walijenga wakiimba, ngoma zikilia, kila upande ukimkejeli mwenzake.

Habari zikafika Bariadi. Mhandisi wa Wilaya akaniita ofisini.

"Nenda Zagayu," akaniambia. "Lori la mabati linatoka wiki ijayo. Likikuta linta imekaa, linashusha. Likikuta haijakaa, linaendelea kijiji cha mbele. Na kuta ziwe za kueleweka, maana nitakuja nalo mwenyewe."

Nilikwenda kwa baiskeli, zana zimefungwa nyuma. Kuta zilikuwa zimefika usawa wa madirisha. Niliziona kwa mbali nikafurahi, zilikuwa zimenyooka hasa. Nikazunguka. Kona ya Bagika wenyewe ilikuwa imara, na ya Bagalu wenyewe pia. Lakini zile kona mbili ambapo ukuta wa Bagika ulikutana na ukuta wa Bagalu, hazikuwa zimekutana. Kila upande ulikuja ukaishia pale. Palikuwa na mstari tangu msingi hadi juu, ningeweza kupitisha kisu.

Mzazi asiye fundi aelewe hivi: matofali ya kona hupishana. Mstari mmoja ukitoka ukuta huu, unaofuata unatoka ukuta ule, kama vidole vya mikono miwili iliyofumbatana. Vidole visipofumbatana, siku paa likikaa na upepo ukivuma, kuta zinaachana, na watoto wako ndani.

Nikawaita viongozi wa ngoma, ambao kwetu huitwa ningi.

"Mwangaluka, wazee."

"Mwangaluka, fundi. Umeona kazi?"

"Nimeiona, ni nzuri. Lakini kona hizi mbili lazima zifumuliwe zijengwe upya. Matofali yapishane."

Ningi wa Bagalu alicheka. "Ukuta wetu umesimama, fundi. Wa wale ukitaka kuanguka, uanguke peke yake, sisi hatuuzuii."

"Ukianguka wao na wenu unafuata."

"Tofali lao likikaa juu ya letu," ningi wa Bagika akadakia, "si ndiyo wametupanda mgongoni? Wataimba mpaka wajukuu wetu waone aibu."

"Na udongo wao," akaongeza mmoja wa Bagalu kwa sauti ya chini, "nani anajua wamechanganya nini?"

"Tumechanganya jasho! Nyinyi mnalifahamu jasho?"

Vijana wakapiga makofi. Nilijaribu kuwaambia nitajenga kona mimi mwenyewe. Wakaniuliza mama yangu alitoka ngoma gani. Sikuwaficha. Nikawaambia ni Bagika, na Bagalu wote wakatikisa vichwa. Kazi ikasimama. Mawingu yalikuwa yamekaa upande wa magharibi, na kila mtu aliyaona.

Kesho yake asubuhi Mwalimu Minza alikuja na akina mama waliobeba ndoo za maji. Wanaume walikuwa wamekaa makundi mawili, kila kundi karibu na ukuta wake. Alisimama katikati, akamwita mmoja wa wale akina mama, mwanamke mrefu mwenye sauti nzito aliyeitwa Nkwimba.

"Mayu Nkwimba," akamwita kwa heshima ya mama, "wewe ulizaliwa upande gani?"

"Bagalu. Baba yangu alikuwa mpiga ngoma wao, hata hawa wanamjua."

"Na umeolewa wapi?"

"Si pale?" Akaonyesha kwa mdomo upande wa Bagika. "Yule aliyenuna ndiye mume wangu."

Watu wakacheka. Mwalimu akageuka, akamwita mwingine, Holo, aliyekuwa na mtoto mgongoni. Huyo alizaliwa Bagika, akaolewa Bagalu.

"Sasa wazee wangu," Mwalimu Minza akasema, "tofali akiliweka Nkwimba, ni la nani?"

Ningi wa Bagika akajikuna shingo. "Mwanamke hajengi, mwalimu."

Nkwimba akatua ndoo yake chini. "Ugali wangu unakula kila siku ukija kwa mume wangu. Hujawahi kuuliza unga umechanganywa na dawa ya nani. Leo udongo ndio unauogopa?"

Hapo hata Bagika walicheka, na mume wake alicheka wa kwanza. Ningi wa Bagalu alisimama, akapangusa suruali yake, akaniambia, "Fundi, wape mwiko."

Nilifumua kona zile mimi mwenyewe, huku nikiacha meno, yaani nafasi za kuingilia tofali zinazopishana. Nkwimba akashika kona moja, Holo nyingine. Nilisimama kati yao na kuwaonyesha kuweka udongo, kugonga, kuangalia uzi. Holo alikuwa mwepesi wa mkono. Nkwimba alikosea mara nyingi, na kila mara nilimwambia, "Toa, weka upya." Alitoa, akaweka upya, wala hakulalamika. Wanaume walipandisha kuta kuzifuata kona, wakazikimbilia. Bagika wakatunga wimbo kwamba Bagalu wameokolewa na binti yao waliyekwisha kula ng'ombe wa mahari yake. Bagalu wakajibu kwa wimbo kwamba ng'ombe wale walishakufa kwa ukame, lakini kona ipo.

Tulimwaga linta siku moja kabla ya lori. Mhandisi wa Wilaya aliteremka, hakusalimia mtu, akaenda moja kwa moja kwenye kona. Alipitisha kiganja tangu chini hadi juu.

"Hii nani kajenga?"

Nilitaka kujibu, Holo akanitangulia. "Mimi, bwana mkubwa."

Alimtazama, akamtazama mtoto aliyelala mgongoni mwake. "Na ile?"

"Mimi," Nkwimba akasema kutoka upande wa pili.

Mhandisi akawageukia vijana wa lori. "Shusheni mabati."

Paa lilikamilika sakafu ikiwa bado ya vumbi. Mvua ya kwanza ilipokuja ilipiga mabati kwa kelele kiasi kwamba Mwalimu Minza hakusikika, akaacha kusema, akawa anaandika tu ubaoni na watoto wananakili kwenye vibao vyao. Sisi watu wazima tulisimama nje chini ya ukingo wa paa, Bagika na Bagalu, tukichungulia madirishani. Hakuna mtoto aliyerudishwa nyumbani. Niliwahi kujenga majengo makubwa kuliko lile, lakini sijapata kusimama mahali nikiwa na kifua kipana kama siku ile.

Mwaka uliofuata nilimwoa Mwalimu Minza.

Baadaye nilihamishiwa Meatu, nikajenga Kimali na vijiji vya jirani, mahali ambapo maji ya kujengea yalifuatwa mbali kwa mkokoteni wa ng'ombe. Kisha Maswa, huko Sola. Ada ya shule za msingi ilipofutwa, watoto walijaa na serikali ikaanza kupeleka fedha za madarasa kwa kamati za shule zenyewe. Afisa Elimu wa Wilaya alinipa kazi ya kuzunguka kuwaonyesha wajumbe namna ya kukagua. Alikuwa mkali na mwenye haki. Aliniambia, "Usiwafundishe ujenzi. Wafundishe kuuliza." Niliwafundisha kugonga tofali, kutazama kona, na kutembelea darasa mvua ikinyesha, maana wakati wa kiangazi kila paa ni zima. Akina mama waliuliza maswali mengi kuliko wanaume, na hilo halikunishangaza.

Sasa nimestaafu. Wazazi wa leo wana mambo mengi. Wapo wanaopeleka watoto shule za kulipia mjini, siwalaumu. Lakini wanaobaki na shule ya kijiji wasijione wamebakia makombo. Mzazi ana haki ya kuingia, kuichagua kamati, kuuliza fedha imefanya nini na kutazama mtoto wake amekalia nini. Asipouliza yeye, Bariadi hawatamuulizia.

Minza alifundisha darasa la kwanza mpaka naye akastaafu. Mwaka huu, baada ya mavuno, alifariki. Tulimzika nyumbani. Siku ya kujengea kaburi nilitoa mwiko wangu, maana niliona hiyo ni kazi yangu ya mwisho kwake. Nkwimba alikuwa amefika toka upande wa Zagayu pamoja na Holo, wote wazee sasa. Nkwimba alinyoosha mkono akauchukua mwiko mkononi mwangu.

"Kaa, fundi. Wewe leo ni mfiwa."

Nikakaa. Walijenga polepole, vijana wakiwasogezea matofali na zege. Mahali pamoja Holo alimwambia mwenzake, "Toa, weka upya," naye akatoa, akaweka upya. Walipomaliza Nkwimba alinigeukia.

"Kona umeziona?"

"Nimeziona, mayu."

"Zina kasoro?"

Nilizitazama zote nne kabla ya kumjibu, kama Fundi Mkuu alivyonifundisha. "Hazina."

"Wabeja," akanishukuru. Akanawa mikono, Holo akanawa, wakajifunga kanga zao vizuri. Siku hiyo shule ya hapa kwetu ilikuwa na kikao cha wazazi, na Holo ana mjukuu hapo, darasa la kwanza. Wakaniuliza kama nitabaki au nitakwenda. Niliinuka, tukaenda wote.