Bendera Niliyoiona Peke Yangu

Baada ya safari ndefu ya vumbi kutoka Niania, nilifika Bunia kupanda gari la Mahagi. Dereva alinionya nisichelewe, lakini hii miguu yangu haisikii. Nikaliacha begi juu ya gari nikaenda kuzunguka maduka niliyoyajua ujanani.

Mbele yangu watu wote walikuwa wamesimama kimya. Kwetu Kongo, asubuhi bendera ikipandishwa hakuna anayetembea. Nikavua kofia, nikakakamaa kama askari. Mama mwenye beseni la ndizi akanipita, nikamkemea: “Mama, heshimu bendera.”

“Iko wapi, papa? Wale wanaangalia penalti za jana mu televizyo ya duka.”

Wote wakageuka kunitazama nilivyosimama na kofia yangu kifuani. Barabarani gari langu likapita, na begi langu juu.