Ijumaa ya Vitambaa Vyeupe

"Kwa nini hii waliiamini?"

Mama Koku, mkuu wetu wa ofisi, aliniuliza hivyo Ijumaa jioni nikiwa nimesimama mbele ya meza yake bila viatu, tope limenifika kwenye vifundo. Mimi ambaye ofisi nzima ya Ngara ilinijua kwa kuuliza maswali, siku nilipoulizwa langu moja tu nikabaki kubahatisha. Nawasimulia leo kwa sababu wengi wenu mmeshasikia mkasa huu kutoka kwa Deo, na yeye akifika kwenye sehemu ya kuku huwa anasimama na kuigiza, kwa hiyo naona ni heri aibu yangu niisimulie mwenyewe, labda itapungua (haitapungua, lakini tujaribu).

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi, na imeili ndiyo kwanza ilikuwa imetufikia. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu Dar, nimerudi kwetu Murukulazo na shahada na viatu vya visigino, nikapata kazi kwenye shirika moja lililohudumia kambi ya Warundi. Asubuhi kazi yangu ilikuwa kufungua barua pepe za ofisi. Laini ya intaneti ilikuwa moja kwa kompyuta zote za jengo, nayo inakwenda kwa kusuasua, na barua zinaingia kwa foleni, ya mbele isipomaliza kuingia ya nyuma haisogei. Sasa fikirieni foleni hiyo mbele yake kuna picha kubwa ya maua ya waridi yenye sala chini yake, imetumwa na mtu wa ofisi ya Mwanza ambaye naye katumiwa na shemeji yake, na juu ya sala kuna anwani za watu wasiojuana ukurasa mzima. Nyuma ya waridi kuna mjane wa jenerali anayetafuta mtu mwaminifu wa kumtunzia mamilioni. Nyuma ya mjane kuna onyo kuhusu pipi zinazoua zikiliwa pamoja na soda. Halafu ile ya kutuma kwa watu kumi, maana kuna dereva aliifuta na gari likapinduka siku hiyo hiyo (dereva gani, wa wapi, nani alimhoji, hakuna anayesema).

Kila moja nilikuwa naijibu kwa swali lile lile, chanzo ni nani, na aliyetuma hajibu, au anajibu kwa kunitumia nyingine. Wenzangu wakanibatiza Dada Chanzo, na jina likafika mpaka kambini. Nikiingia jikoni mtu ananimiminia chai na kuniuliza, "Dada Chanzo, imewekwa sukari. Utakunywa, au tutafute shahidi?" Nilikuwa nacheka nao, ila moyoni nilijiona mtu pekee mwenye akili ndani ya jengo lile. Hilo nalo naliungama mapema.

Wiki hiyo ninayoisema, waridi ziliziba laini tangu Jumatatu. Zikaingia nusu, zikakatika, zikaanza upya, mpaka Alhamisi mchana zilipomaliza, na nyuma yake ikatoka barua fupi ya mistari mitatu iliyokuwa inasubiri muda wote huo. Ilisema Emanueli, mtoto wa Mama Venansia, amepatikana. Ataletwa kambini Ijumaa, gari litasubiri mpaka saa kumi, na mzazi asipoonekana kijana atarudishwa alikotoka na utaratibu wote utaanza upya.

Mama Venansia tulimfahamu wote. Alipotezana na kijana wake njiani wakati wa kukimbia, akafika kambini na wajukuu wawili, na kila wiki alikuwa akija dirishani kwa Deo, karani wetu wa kambini, anauliza kama kuna habari, anaambiwa bado, anasema asante, anaondoka. Nilitamani apelekewe habari saa ile ile, lakini utaratibu ulikataza. Mzazi haambiwi kitu mpaka gari limefika na mtoto ameonekana yumo, kwa sababu waliwahi kuambiwa wengine, wakaoga, wakavaa, wakapika, na gari likaja tupu.

Nilikaa pale mbele ya kompyuta nimefura. Barua ya maana kuliko zote imekaa siku zote hizo nyuma ya maua ya mtu. Ndipo nikafanya uamuzi mdogo, mdogo kweli, wa mtu aliyechoka kabla ya chai ya jioni. Nikasema nitatunga ya kwangu, niifowadi kama nami nimetumiwa, halafu kesho nipite nione nani kaifuata, na Jumatatu nimwaibishe kila mmoja mbele ya wenzake, labda watajifunza.

Nikaandika kwamba yeyote atakayetundika kitambaa cheupe mlangoni Ijumaa kabla jua halijazama ataona neema ndani ya siku saba, na atakayepuuza asije akasema hakuonywa. Nikaongeza mwanamke mmoja wa nchi ya mbali aliyepuuza (sikumfanya kitu kibaya, nilimuunguzia nyumba tu). Nikachagua jina la kundi lililoandikwa Wote, nikatuma, nikaenda kunywa chai kwa furaha. Wote nilidhani ni sisi wa jengo lile. Kumbe Wote ilikuwa ni pamoja na ofisi ya kambini.

Na kambini Deo alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Watu walikuwa wamelalamika kwamba ofisi inawaficha habari, kwa hiyo kila tangazo lililotoka Ngara alilichapa saa ile ile na kulibandika kwenye ubao pale penye mgao wa chakula. Viongozi wa bloku wanasoma, wanakwenda kuwaeleza watu wao kwa Kirundi, na kabla uji haujapoa kambi nzima inajua.

Ijumaa nikapanda gari la ofisi kwenda kumpokea Emanueli. Tulipomaliza kilima cha mwisho dereva akapunguza mwendo.

"Leo kuna sikukuu gani ya kanisa?" akaniuliza.

Nilipotazama, milango ilikuwa myeupe bonde zima. Magunia ya mahindi yaliyochanwa, nepi, fulana, foronya, pazia la harusi ya mtu. Nitasema ukweli, kitu cha kwanza nilichofanya ni kucheka. Nilicheka peke yangu, dereva ananitazama, na bado nilikuwa nacheka tulipopishana na watoto wa shule wanakwenda darasani vifua wazi, na nikaelewa mashati yao yako wapi. Hapo kicheko kikakata. Nyuma yetu malori ya chakula yalikuwa yanapanda kilima yamefunikwa maturubai, na kila yalipokaribia niliona watu wanaingia ndani kwa haraka na kutoka na mafurushi.

Deo alinipokea mlangoni. "Afadhali umekuja, dada. Hiyo ya vitambaa wanaanza saa ngapi?"

"Wanaanza nini?"

"Kupakia." Akaangalia nyuma yangu. "Wengine wanasema mwenye kitambaa amekubali kurudi Burundi. Wengine wanasema asiye nacho ndiye atakayepakiwa. Nilikuwa nasubiri mtu wa kuniambia ni ipi, na sasa malori ndiyo hayo."

Pale kila mtu alikumbuka jinsi kambi za jirani zilivyokwisha ndani ya siku chache, watu wanarudishwa kwao, barabarani na magodoro kichwani. Alama mlangoni na malori siku moja, hao watu wangefikiri nini kingine? Nikamwambia Deo niliandika mimi, ulikuwa mzaha. Alichukua kipaza sauti kilichokuwa juu ya kabati akanikabidhi.

Nikapanda juu ya kreti la soda nikatangaza, Deo akifasiri. Nikasema karatasi ile ni uongo, hakuna atakayepakiwa, niliitunga mimi mwenyewe kwa kuwatania wenzangu wa ofisini. Kwa Kirundi ilisikika fupi kuliko nilivyosema. Hakuna aliyecheka. Mzee Melkiori, kiongozi wa bloku na mwalimu wa zamani, akasogea mbele na fimbo yake.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba. Umesema uliandika wewe."

"Ndiyo, mzee."

"Msomi wa chuo kikuu ameketi ofisini, kwa mshahara, anaandika habari za nguo mlangoni."

"Ndiyo, mzee."

"Na jana karatasi ya ofisi ilisema tundikeni, leo ofisi hiyo hiyo inasema hapana. Ni nani amekutuma useme hapana?" Akawageukia watu kwanza, kisha akanirudia. "Haya maneno mapya chanzo chake ni nani?"

Deo alikuwa ameanza kufasiri. Akaachia katikati, akaniangalia.

Nyuma yangu watu walikuwa wanaambiana kwamba nimelazimishwa, mwone anavyotetemeka, na kila nilipozidi kukana ndivyo walivyozidi kufunga mafurushi. Nikajiuliza, kama ningekuwa mimi chini pale, nani angenishawishi kwa maneno? Hakuna. Ningetaka kuona. Nikashuka kwenye kreti, nikawaomba madereva wafungue maturubai, nikamwomba Mzee Melkiori achague watu wake mwenyewe wapande. Walipanda akina mama watatu. Wakaona mahindi yamejaa mpaka juu, hata mbuzi asingepata pa kukaa. Mmoja akatoboa gunia kwa kidole kuhakikisha, akatafuna punje, akasema kitu kwa Kirundi, na kwa mara ya kwanza siku ile watu wakacheka. (Deo amekataa mpaka leo kunifasiria.)

Nilidhani yamekwisha. Wakati huo gari la Emanueli lilikuwa limeshaingia na kuegeshwa upande wa pili wa ofisi, na mtoto aliyetumwa kumwita Mama Venansia akarudi akasema mlango una fulana nyeupe lakini ndani hakuna mtu, hata sufuria hazipo. Ametundika, halafu hakuamini hata hilo, ameondoka. Jirani alimwona akishika njia ya kijito, ile inayokwenda kuingia kwenye mapori ya Biharamulo, ambako akiingia mtu unaweza kumtafuta mwezi usimpate.

Mwenye gari akatazama saa yake. Akasema saa kumi ni saa kumi, giza halitamkuta barabarani.

Tukakimbia, mimi na Deo, mimi na visigino vyangu vinazama kila hatua. Tulimkuta ng'ambo ya kijito anapanda kilima, furushi kubwa kichwani, dogo begani, kuku kwapani, wajukuu mbele.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba." Hakusimama.

"Mama, Emanueli yuko ofisini. Ameletwa na gari."

"Jana kitambaa, leo Emanueli."

Deo akamwambia kwa Kirundi, akaapa. Mama Venansia akaendelea kupanda. "Oya," akasema, hapana, bila kugeuka. Nikaona mapori yanaanza pale juu, karibu kabisa.

"Ana sura gani?" akauliza ghafla.

Nilitaka kusema ni mrefu, ana afya, anafanana na wewe. Yalikuwa mdomoni tayari, na labda yangekuwa kweli. "Sijui, mama," nikasema. "Sijamwona. Niliposikia umeondoka nilikimbia kabla hajashuka garini."

Hapo akasimama. Alinitazama kwa muda mrefu, kuanzia nywele mpaka miguuni, na macho yakabaki miguuni.

"Vua viatu."

Nikavua. Akavichukua, akavitia kwenye furushi lake dogo, lile kubwa akalitua miguuni pangu, juu yake akanipa kuku. "Kaa hapa na vitu vyangu. Nisipomkuta, utarudi kwenu hivyo hivyo." Akawashika wajukuu mkono, akamfuata Deo kurudi kambini.

Nikakaa. Kuku alikuwa hanitaki. Kila nikijaribu kumweka vizuri ananidonoa, na nikimwachia atakimbilia porini na mimi nitakuwa nimeiba kuku wa mkimbizi juu ya mengine yote. Waliokuwa wanakimbia wakaanza kurudi kwa makundi kupitia njia ile, wananikuta mtu wa ofisi, mwenye sketi ya kazini, peku, nimekumbatia kuku, na wananisalimia kwa heshima kabisa, jambo lililouma zaidi. Jua lilikuwa linateremka. Niliwaza gari limeondoka. Niliwaza Deo atarudi peke yake na sitamtazama usoni.

Halafu nikasikia kutoka kambini mpundu, vile vigelegele vyao, sauti ya mwanamke mmoja kwanza, kisha wengi.

Nilirudi na furushi kichwani na kuku kwapani, nikakatiza kambi nzima huku watoto wananifuata nyuma. Mama Venansia alikuwa ameshika kichwa cha kijana mwembamba kwa mikono miwili kama mtu anayepima boga, na sikuthubutu kumuuliza habari za viatu. Alivirudisha wiki iliyofuata, vimesafishwa.

Ndipo jioni, mimi na Deo tulipofika Ngara, Mama Koku akaniuliza. "Za waridi zilifika kambini, za mjane zilifika, na hakuna iliyobandikwa hata moja. Deo nimemuuliza, anatazama chini. Wewe msomi niambie, kwa nini hii waliiamini?" Nikasema labda ni woga, labda ni karatasi ya ofisi. Akasema karatasi ni ile ile kwa zote. Deo alikuwa amekaa mlangoni na sikufikiri kumuuliza. Niliapa tu mbele yao kwamba sitafowadi tena kitu maisha yangu yote, na nimetimiza, hata harusi zenu mnaona sizitangazi.

Miaka mingi baadaye, kambi zimeshafungwa, nilishuka Lusahunga kubadilisha gari nikaingia kwenye mgahawa wa madereva wa malori, na mwenye mgahawa alikuwa Deo. Tukala, tukacheka, akaigiza kuku. Ndipo nikamuuliza, kwa kuchelewa sana, kwa nini alibandika ile.

"Niliisoma mara mbili nikaona ni upuuzi," akasema. "Nilikuwa naikunja niitupe. Halafu nikaona imetoka kwako. Wewe hukuwahi kutufowadia kitu hata siku moja, nikasema hii lazima ameshaiuliza chanzo. Ndivyo nilivyowaambia viongozi wa bloku walipobisha, maana walibisha sana. Niliwaambia imetoka kwa Dada Chanzo."