Kishikio cha Mninga kwenye Gari la Baba

Mjini Tabora, ukiulizia fundi umeme wa magari, wengi watakuelekeza kwa Semeni Thani, kule Gongoni, kwenye geti la bati jekundu. Ni mwanamke wa miaka arobaini hivi, mfupi, mcheshi, anayevaa ovaroli na kufunga mtandio wake nyuma ya shingo usije ukanaswa na feni ya injini. Ametengeneza taa za malori ya tumbaku, honi za bodaboda, hata king'ora cha ambalansi. Gari moja tu hakuwahi kuligusa: la baba yake.

Mzee Thani anauza vitambaa, kama walivyouza baba yake na babu yake. Alitaka binti yake akae dukani apime vitenge. Semeni alikaa mwaka mmoja, akafungua redio ya duka, saa ya ukutani na cherehani, kisha akaenda chuo cha ufundi. Hawakugombana. Mzee alinyamaza tu, na pikapu yake ya buluu ilipoharibika aliipeleka kwa Masele, upande wa pili wa mji. Semeni akiuliza mezani gari lina nini, baba alijibu, "Masele ameshaliona," akaomba apewe chumvi.

Mambo yalibadilika kwa sababu ya harusi. Eustadia, mkulima wa kitongoji kimoja cha ndani, mbele ya Kigwa, ni mteja wa mzee wa siku nyingi. Alipokuwa anamuoza binti yake aliagiza khanga za sare kwa shangazi na mama wadogo wote. Mzee aliondoka alfajiri ya siku yenyewe. Lakini tangu reli mpya ianze kujengwa, njia za huko zimehamahama. Ile aliyoizoea ilimfikisha kwenye tuta refu la udongo. Akazunguka, akatokea kwenye shamba la tumbaku, akauliza njia, akaelekezwa, akarudi kwenye shamba lilelile. Alipofika, maharusi walikuwa wameshatoka kanisani na watu wanakula wali. Shangazi walikuwa wamevaa kila mmoja alichokuwa nacho. Eustadia alizipokea zile khanga kwa mikono miwili, akasema kwa upole, "Zitavaliwa tu, Mzee Thani. Karibu chakula." Upole ule ulimuuma mzee kuliko kama angepigiwa kelele.

Salmini, mdogo wake Semeni anayeishi Maskati, aliposikia kisa hicho alicheka kwenye simu mpaka akakohoa. Kisha akatuma mashine ya ramani, ile GPS ya kuweka garini, maana simu ya mzee ni ya vitufe na hataki nyingine. Mashine ilikuja na kidude cha mpira cha kung'ang'ania kioo, na waya wa kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara. Mzee akaijaribu njia ya Kwihara. Jua likapasha kioo, mpira ukaachia, mashine ikadondoka kabla haijasema neno na kuserereka hadi chini ya kanyagio la breki. Alisimama kwa breki ya mkono, pua ya gari ikiwatazama mbuzi.

Akaenda kwa Masele. Masele akaigeuzageuza mashine, akajikuna kichwa.

"Mzee wangu, hii inataka kuchonga na inataka umeme uliotulia. Mtu wa kazi hiyo unaye nyumbani. Mimi nitakuharibia gari, halafu Semeni atanicheka."

Kesho yake pikapu ya buluu ikaingia kwenye geti jekundu. Semeni alikuwa chini ya lori. Aliutambua muungurumo kabla ya kutoka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Leo mimi ni mteja, usiniletee mambo ya nyumbani." Akaiweka mashine juu ya boneti. "Ikae isidondoke. Isizimike kila gari likiruka shimo. Na usinitobolee dashibodi hata tundu la sindano. Gari hili nimelitunza tangu hujajua kutembea."

"Sawa, mteja."

Mzee alipoondoka, Semeni alikaa kwenye kiti cha dereva. Kulikuwa na harufu ya vitambaa vipya na karafuu. Kisha akaiona njia. Katikati ya dashibodi ilikaa redio ya kaseti iliyokufa siku nyingi. Akiitoa, atapata nafasi tupu, na nyuma yake nyaya zenye fyuzi yake tayari. Hakuna haja ya kutoboa.

Alikwenda kwa seremala jirani akaomba kipande cha mninga. Akakichonga kiingie mahali pa redio bila kucheza, akakizungushia ukanda wa mpira wa tyubu ili umeze mtikisiko, akakikaza kwa bolti zilezile zilizoshika redio. Mbele akachonga kikombe cha kuishika mashine, kimeinama kidogo kuelekea kwa dereva ili jua lisipige kwenye kioo chake. Nyuma akafunga kifaa kidogo cha kupunguza umeme wa betri uwe kiasi cha mashine, akaunga nyaya kwa risasi ya kuyeyusha, akazifunika. Hakuna waya uliobaki ukining'inia. Alikipaka mafuta kishikio mpaka wekundu wa mninga ukajitokeza, ukaiva.

Mzee alipokuja kuchukua gari alikigusa, akakitikisa kwa nguvu, akakitikisa tena. Hakikusogea. "Haya," alisema, akaondoka.

Asubuhi mama yake, Bi Nawal, akapiga simu. Nyuma yake sauti ya mzee ilisikika ikisema maneno mengi.

"Semeni mwanangu, baba yako anasema nimwambie fundi wake gari limekufa."

Semeni alikwenda na testa yake mkononi. Betri ilikuwa tupu. Alitoa kishikio, akapima nyaya moja moja, na palepale akajua. Alikuwa ameuamini waya kwa rangi yake. Fundi mmoja wa zamani aliyefunga ile redio alizibadilisha nyaya, na ule ambao ungepaswa kukata umeme ufunguo ukizimwa ulikuwa na umeme usiku kucha. Mashine ililala macho, ikinywa betri.

Angeweza kumlaumu huyo fundi. Baba alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha kahawa, akingoja.

"Kosa langu, baba. Sikupima. Niliangalia rangi tu."

Mzee alikunywa kahawa yake kidogo. "Fundi anayesema hivyo sijamwona mjini hapa," alisema. "Rekebisha. Halafu Jumamosi twende wote, nina mzigo wa Eustadia. Mwanawe anapata kipaimara, na safari hii amenitaka nifike kabla ya askofu."

Jumamosi wakaondoka, mzee kwenye usukani, robota la vitenge nyuma. Semeni alipowasha mashine ikaongea Kiarabu. Salmini ndiye aliyeipanga hivyo, kwa utani au kwa heshima, haijulikani. Mzee, ambaye Kiarabu chake ni cha madrasa na cha barua za wajomba, akafurahi mno.

"Bibi huyu amesema yamini. Kulia huko. Haya, bibi, tunakuja."

Barabara ya vumbi iliwatikisa mpaka mtandio wa Semeni ukafunguka, lakini kishikio kilitulia kimya mahali pake. Walipokaribia reli, bibi wa mashine aliwataka wanyooke, na mbele yao palikuwa na tuta lilelile la udongo. Semeni akakunja uso.

"Usimkasirikie," mzee alisema. "Hata mimi lilinidanganya." Akakata usukani, akapita pembeni, na baada ya kimya kifupi mashine ikapata njia nyingine, kati ya migunga, hadi uani kwa Eustadia. Askofu alikuwa bado hajatokea. Wanawake waliolizunguka gari walipiga vigelegele, robota likafunguliwa kabla halijateremshwa vizuri.

Wakati wa chakula Eustadia aliwahakikishia kuwa kuku wamechinjwa na jirani yake Omari, wale bila wasiwasi. Lakini mzee hakuwepo kwenye mkeka. Semeni alimkuta kwenye pikapu, milango yote wazi, wanaume wamejazana madirishani.

"Huu ni mninga," alikuwa akiwaeleza. "Gusa. Vuta, usiogope. Umeme wake unatoka ndani humu, na ukizima ufunguo nao unalala. Binti yangu huyu ndiye aliyeutengeneza. Dashibodi haina tundu hata moja!"

Semeni alirudi kwenye mkeka haraka, akajifanya pilipili imemwingia machoni. Eustadia akamwongezea wali bila kuuliza.

Jioni, walipokuwa wanaaga, mzee alizunguka gari na kupanda upande wa abiria. Akamrushia binti yake funguo. Kabla hawajafika Kigwa alikuwa amelala, kofia imeteremka puani. Bibi wa Maskati akasema neno ambalo Semeni hakulielewa. Alimpunguzia sauti taratibu, mzee asiamke, akaendesha.